Mtoto Mmoja wa Shule: Kamau katika Usilie Mpenzi Wangu

Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuchapishwa, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964, wakati ambapo mwandishi alikuwa bado anajulikana kama James Ngugi. Ilipotafsiriwa kwa Kiswahili ilipewa jina Usilie Mpenzi Wangu. Jina hilo lina utamu wake, lakini kuna mtu limemfungia nje. Kiingereza kinamwambia mtoto asilie. Kiswahili kinambembeleza mpenzi. Mwandishi aliazima maneno yake kutoka kwa shairi la Mmarekani Walt Whitman, ambamo mtoto aliyeshikwa mkono na babake analia ufuoni usiku kwa sababu mawingu meusi yanazimeza nyota. Hatumlaumu mfasiri. Kutafsiri jina la kitabu ni kazi ngumu, na mpenzi katika Kiswahili ni yeyote apendwaye, mtoto akiwemo. Hata hivyo, msomaji anayeanzia kwenye jalada huingia ndani akimtafuta mchumba, na wanafunzi wetu wengi humpata: Njoroge na Mwihaki, mapenzi yaliyovunjwa na vita, basi.

Katika uhakiki wa madarasani mtoto huyo hupotea mara ya pili. Tunaorodhesha maudhui: ukoloni, ardhi, elimu, Mau Mau, usaliti. Yote yamo. Tunachosahau ni kwamba riwaya hii, kabla ya kuwa ya Mau Mau, ni riwaya ya utotoni katika nyumba ya mkulima maskini asiyekuwa na shamba. Nyumba hiyo ina wana wanne walio hai, na mmoja tu ndiye anayenunuliwa shati la shule. Makala haya yanahusu swali linalotokana na jambo hilo: kwa nini mmoja, na je, yule aliyekuwa karibu naye kiumri na akabaki, alikwenda wapi? Huyo anaitwa Kamau. Katika majibu ya wanafunzi yeye huitwa mhusika mdogo, na mara nyingi sisi walimu tunampa mwanafunzi alama kwa kusema hivyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba bila historia ya Kamau, Njoroge mwenyewe haeleweki.

Shamba na karatasi

Hatuna budi kuanza na ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikairefusha miaka hiyo hadi 999. Mwaka 1921 Jaji Barth, katika kesi iliyohusu ardhi ya Agikuyu, akatoa uamuzi ambao maana yake ilikuwa kwamba wenyeji walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza, wakikaa pale kwa hiari yake tu. Mzee aliyerithi shamba kwa babake alilala mwenye shamba akaamka mpangaji.

Ngotho, baba wa nyumba tunayoizungumzia, anasimulia toleo lake la historia hiyo usiku, watoto wakiwa wamemzunguka. Anaanza na Gikuyu na Mumbi, anashuka hadi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati yeye na vijana wenzake waliposhurutishwa kwenda kufyeka misitu na kutengeneza barabara za wanajeshi. Walirudi wamechoka, wakitarajia shukrani, wakakuta ardhi imechukuliwa. Tangu hapo Ngotho anafanya kazi katika shamba la Bwana Howlands, shamba ambalo anaamini ni la ukoo wake. Analipenda kuliko mshahara anaolipwa. Yeye na Howlands hutembea pamoja wakikagua mimea, kila mmoja akidhani moyoni kwamba ndiye mwenyewe. Hiki ni mojawapo ya vipengele vya riwaya hii vinavyostahili kusomwa polepole darasani, kwa sababu hakuna neno la siasa linalotamkwa na siasa yote imo.

Makao ya Ngotho nayo si yake. Anaishi kwenye ardhi ya Jacobo kama muhoi. Katika desturi ya Agikuyu muhoi alikuwa mtu aliyepewa mahali pa kulima kwa hisani ya mwenye ardhi. Hakulipa kodi ya pesa, alilipa kwa heshima na kwa kusaidia. Mpango huo ulifaa wakati ardhi ilikuwa ya kutosha. Ardhi ilipobanwa na mipaka ya koloni, hisani nayo ikapungua. Jacobo ndiye Mwafrika wa pekee pale aliyeruhusiwa kupanda pareto, na jambo hili si pambo la mwandishi. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kulima mimea ya kuuzwa nje kama kahawa, na ruhusa ilipotolewa ilitolewa kwa wachache. Kwa hiyo katika kijiji kimoja tunao Waafrika wawili: mmoja ana pareto, duka la mawazo ya serikali na binti aliyesoma, mwingine ana jembe la kufanyia kazi ya watu.

Kumbukumbu za utotoni ambazo Ngũgĩ alizichapisha mwaka 2010, Dreams in a Time of War, zinatupa ufunguo ambao riwaya haikuutoa. Babake, aliyekuwa na wake wanne na watoto 24, alikuwa amenunua shamba kwa njia ya zamani: alilipa kwa mbuzi, mbele ya mashahidi, kwa kauli. Baadaye muuzaji aliliuza tena shamba lile lile kwa mtu mwingine, safari hii kwa maandishi kufuata sheria ya koloni. Mambo yalipofika mbele ya sheria, mwenye karatasi alishinda. Mashahidi walikuwa hai, mbuzi walikuwa wameliwa na kila mtu alijua, lakini yote hayo hayakuwa karatasi.

Hapo ndipo shule inapopata maana yake katika nyumba ya mkulima. Wahakiki wengi huandika kwamba Njoroge anaipenda elimu, kana kwamba ni tabia yake ya kuzaliwa. Tunaona kwamba nyumba yote inaihitaji elimu kwa sababu maalumu: mashahidi wameshindwa na karatasi, na nyumba inataka mtu wake anayeweza kuisoma karatasi hiyo. Babake Njoroge hataki mwanawe awe mwanazuoni. Anataka mtoto atakayewarudishia shamba kwa njia ile ile iliyolichukua. Elimu ni shamba jipya, na lina sifa ambayo lile la zamani halikuwa nayo, yaani linadhaniwa kuwa haliwezi kunyang'anywa. Tutarudi kwa neno hilo "linadhaniwa".

Shati na kaptura

Riwaya inaanza na mama. Nyokabi anamwuliza Njoroge kama angependa kwenda shule. Mtoto anashtuka kwa furaha, akiogopa mama asije akayameza maneno yake. Kisha mama anamwekea masharti. Wao ni maskini, kwa hiyo hatapata chakula cha mchana kama watoto wengine, na asije akamwaibisha siku moja kwa kukataa kwenda. Ndipo kuna habari ya shati na kaptura. Hadi siku hiyo Njoroge amekuwa akijifunga kipande cha kitambaa tu.

Masharti haya yamo pia katika kumbukumbu za mwandishi, karibu kwa sura ile ile. Mamake, Wanjikũ, alimfunga kwa ahadi kama hiyo mwaka 1947. Mwalimu anaweza kulichukua jambo hili kuwa uthibitisho kwamba riwaya ni tawasifu iliyofichwa, akaishia hapo. Sisi linatuvutia kwa sababu nyingine. Katika mazungumzo yale mama anazungumza na mtoto wa miaka michache kama mtu anayefanya naye mkataba. Hamdekezi. Mkulima anayepanda mbegu ya mwisho iliyobaki ghalani huitazama kwa jicho hilo.

Na kwa nini mbegu iwe moja? Jibu rahisi ni karo. Jibu kamili zaidi ni karo pamoja na mikono. Katika nyumba isiyo na ardhi mali ya pekee ni kazi ya watu wake. Mtoto anayekwenda shule anaiondoa mikono yake nyumbani na papo hapo anadai pesa. Lazima kuwe na mikono mingine ya kuziba pengo mara mbili. Kwa hiyo mtoto wa shule katika familia ya mkulima maskini si mtoto mmoja, ni mkusanyiko wa kazi ya ndugu zake. Boro alikwenda kupigana Vita vya Pili vya Dunia, ambako Mwangi, ndugu wa tumbo moja na Njoroge, aliuawa. Kori anafanya kazi Nairobi. Kamau anapelekwa kwa seremala. Njoroge anapopasi na kuitwa Siriana, hata kijiji kinachanga, na kuanzia siku hiyo yeye si mwana wa Ngotho tu bali ni mwana wa nchi. Wanafunzi hulipenda sana tukio hili. Ni vizuri kuwauliza ni nani hakuchangiwa.

Tusisahau kwamba wakulima hawa hawakuwa wakingojea shule iletwe na wenzao. Shule za Karing'a na zile za chama cha shule huru za Kikuyu zilijengwa kwa michango ya watu wa aina ya Ngotho tangu mvutano na wamisheni ulipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 1920. Ngũgĩ mwenyewe alisoma katika mojawapo, Manguo. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilizifunga nyingi na nyingine ikazichukua. Mkulima alinyang'anywa shamba, akajenga shule; akanyang'anywa na shule.

Yule aliyebaki

Sasa tumwangalie Kamau. Ni mwana wa Njeri, mke mkubwa wa Ngotho, naye Njoroge ni mwana wa Nyokabi, mke mdogo. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa katika hadithi za mama wa kambo atatarajia wivu kati ya nyumba mbili. Haupo. Njoroge anapompasha Kamau habari za shule, Kamau anafurahi. Wanagawana maisha kama watoto wanavyogawana muwa: wewe utasoma, mimi nitajifunza useremala, na pamoja tutaijengea familia nyumba iliyo bora. Hakuna anayelia. Labda hapa ndipo tungeandika pembeni mwa ukurasa kwamba kilio kilichotajwa kwenye jalada kilipaswa kuanza, na hakikuanza kwa sababu mtoto anayenyimwa haoni kuwa amenyimwa.

Seremala anaitwa Nganga. Anafundisha kwa malipo ya mbuzi na pesa, na baada ya kuyapokea hana haraka ya kufundisha. Kamau anakaa muda mrefu akitumwa vijikazi, pamoja na vya nyumbani mwa fundi, huku randa akiitazama kwa mbali. Analalamika kwa Njoroge. Katika malalamiko yake kuna wazo ambalo hatulipati kwa Njoroge hadi amekwisha kuteseka: kwamba kumkandamiza mtu si jambo la rangi peke yake, kwani mwenye kitu, awe mweusi au mweupe, hapendi wa chini apande. Mtoto asiyesoma analifikia jambo hilo karakana, kwa kushika mbao. Msomi wa nyumba bado anaota kuwa mkombozi kama Daudi. Wahakiki wakisema kwamba Kamau ni mhusika bapa, asiyekua, inabidi wayasome mazungumzo haya tena. Ni Njoroge anayechelewa kukua.

Babake anapofukuzwa kazi baada ya mgomo, na nyumba nzima kutimuliwa kutoka ardhi ya Jacobo, wanapewa mahali pa kujenga na Nganga, yule yule fundi mchoyo. Historia ina dhihaka zake. Sasa Kamau ni fundi mwenye kipato, na ndiye nguzo inayoishikilia nyumba wakati Boro yuko msituni na Kori kizuizini. Njoroge anaendelea na masomo. Mwandishi anatupa habari hii bila kishindo, katika sentensi chache, na ni rahisi kuipita. Tumewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu ni nani anayewalisha mama wawili katika sehemu ya pili ya riwaya. Walinyamaza, kisha mmoja akajibu, "Ni serikali?" Darasa likacheka. Swali lilikuwa gumu kwa sababu kitabu chenyewe, kikimfuata Njoroge kila aendako, kinatuzoeza kutouliza.

Jacobo anauawa. Kamau anakamatwa. Na hapa Ngotho, mzee aliyepoteza heshima mbele ya Boro, aliyeshindwa kuamua wakati wa mgomo, anaondoka mwenyewe hadi ofisini na kusema kwamba yeye ndiye aliyeua. Anateswa vibaya, anahasiwa, na baadaye anafariki. Uhakiki mwingi hulichukua tendo hili kuwa ukombozi wa Ngotho kama baba na kama mwanamume, na tunakubali. Lakini hebu tutazame analifanya kwa ajili ya nani. Halifanyi kwa ajili ya mwana wa nchi aliyeko Siriana. Anamtolea uhai mwana asiyesomeshwa. Katika nyumba ambamo kila senti na kila matumaini yalielekezwa kwa Njoroge, kitu cha mwisho alichobaki nacho baba, yaani mwili wake, kilikwenda kwa Kamau. Mwandishi hakusema kwamba deni limelipwa, nasi tusimsemee. Tunasema tu kwamba mhusika ambaye baba anamfia hawezi kuitwa mdogo kwa sababu kurasa zake ni chache.

Fundi na mtu wa msituni

Katika kumbukumbu za Ngũgĩ yupo ndugu yake mkubwa, Wallace Mwangi, ambaye watu walimwita Wallace Mwema. Alikuwa seremala. Mwaka 1954 alikimbilia msituni kujiunga na wapiganaji. Ukisoma riwaya baada ya kumbukumbu hizo unagundua kwamba mwandishi alimpasua ndugu yake mara mbili: mikono ya useremala akampa Kamau, bunduki akampa Boro. Kwa nini? Tunadhani riwaya ilihitaji mtu wa kubaki nyumbani. Bila mtu huyo Njoroge asingeendelea kusoma na ploti ingekatika mapema. Hii ni sababu ya kifani, lakini ni historia pia, kwa kuwa ndivyo nyumba nyingi zilivyokuwa. Msitu ulichukua mmoja, kizuizi kimoja, shule mmoja, na mmoja akabaki na randa au jembe ili wengine wapate mahali pa kurudi.

Kuna tukio katika kumbukumbu hizo ambalo riwaya haina, na tungependa kila mwalimu alisome kabla ya kuingia darasani. Usiku wa kuamkia mtihani wa kumaliza masomo ya msingi, mwaka huo huo wa 1954, Wallace alitoka mafichoni, katika nchi iliyojaa askari na Homu Gadi, akaja kumtakia mdogo wake heri katika mtihani. Mtu aliyekuwa akitafutwa ili auawe alihatarisha maisha kwa sababu ya karatasi ya mtihani. Mtahiniwa akafaulu, akaingia Shule ya Upili ya Alliance mwaka 1955. Aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza, akiwa na sare yake, hakuikuta nyumba. Serikali ilikuwa imebomoa makao na kuwakusanya watu katika kijiji kipya cha Kamĩrĩthũ. Ilimbidi aulize njia ya kwenda kwa mamake.

Wakati huo huo Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulianza kuunganisha vipande vya mashamba na kuwaandalia wenyewe hatimiliki. Waliokuwa vizuizini na misituni hawakuwapo kutetea mipaka yao, na ahoi hawakuwa na cha kuandikishwa. Karatasi, kwa mara nyingine, iliwakuta watu wa aina ya Ngotho wakiwa mahali pengine.

Mabinti, na waliorudi mikono mitupu

Katika nyumba ya Ngotho hatuonyeshwi binti hata mmoja. Msichana tunayemwona akienda shule ni Mwihaki, wa nyumba ya pareto. Nafasi hii tupu ina maana yake, kwani katika familia maskini zilizolazimika kuchagua mtoto mmoja, binti kwa kawaida hakuingia hata kwenye kura. Riwaya ya Kiswahili ililijaza pengo hilo mapema. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, tuko kisiwani Ukerewe, katika kijiji cha Namagondo alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Zakaria, aliyekuwa mwalimu, amezama katika pombe. Shamba na nyumba viko mabegani mwa Regina na binti zake. Rosa, kifungua mimba, ndiye mtoto wa shule. Uhakiki wetu umeshughulika sana na malezi makali na uasherati, jambo lisiloshangaza kwa kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni Tanzania. Lakini aibu inayomwelemea Rosa ina uzito kwa sababu nyuma yake kuna mama mwenye jembe na wadogo wanaongoja. Mtoto wa tajiri akipotoka hupotoka peke yake.

Miaka miwili baadaye, 1973, Meja Mwangi akachapisha Kill Me Quick. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka 10. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule na wanakula kutoka mapipa ya taka katika vichochoro vya Nairobi. Meja anajaribu kurudi kijijini. Anakutana na dadake mdogo njiani, na ghafla hawezi kuendelea; anageuka. Wazazi waliuza walichokuwa nacho ili asome, na sasa ana nini cha kuwaonyesha? Katika fasihi yetu ni nadra kupata picha ya deni kama hii, na anayemdai hata hamjui: ni mtoto wa kike tu, amesimama njiani.

Tukizisoma riwaya hizi tatu kwa pamoja, lile neno "linadhaniwa" linajibiwa. Shamba jipya nalo linanyang'anywa. Njoroge anachukuliwa na maafisa kutoka Siriana na kuteswa; haongezewi hata siku moja ya masomo. Anaishia kuuza nguo katika duka la Mhindi, na hata huko anafukuzwa. Anachukua kamba. Mamake anamwita gizani, anamfuata, wanarudi nyumbani, na mlangoni anawafungulia mama zake wote wawili. Kamau yuko gerezani.

Lipo jambo moja la kukiri, nalo linatuhusu sisi tunaohakiki kama linavyowahusu waandishi. Vitabu hivi vyote viliandikwa na mtoto aliyesomeshwa. Ngũgĩ alitoka Alliance akaenda Makerere, na ni huko alikoiandika riwaya hii. Kezilahabi alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akafundisha huko. Hakuna Kamau aliyeandika riwaya ya utoto wake mwenyewe, na isingewezekana, kwa sababu mpango wa nyumba ulikuwa kwamba kalamu iwe moja. Kwa hiyo tunapomtazama tunamtazama kwa macho ya mdogo wake, ambaye anampenda na hamwoni vizuri. Ngũgĩ alihitaji takriban miaka 46, tangu riwaya hadi kumbukumbu, ili amrudishie kaka yake jina lake na safari yake ya usiku. Mwandishi huyo alifariki tarehe 28 Mei 2025 nchini Marekani.

Kwa mwalimu anayetaka kuyafanyia kazi haya, tungependekeza zoezi moja. Wanafunzi waandike ukurasa mmoja kuhusu siku ya kwanza ya Njoroge shuleni, wakiusimulia kutoka karakana ya Nganga. Tulipolijaribu, mwanafunzi mmoja alimfanya Kamau apime mbao siku nzima kwa kamba, kwa kuwa hajui kusoma namba kwenye rula. Hatukumfundisha hilo.

Elimu ya msingi ilitangazwa tena kuwa ya bure nchini Kenya mnamo Januari 2003. Tarehe 12 Januari mwaka uliofuata Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84 na ambaye alipigana katika Mau Mau, alijiandikisha katika darasa la kwanza la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe na kuweza kuhesabu pesa. Aliendelea na masomo hadi ugonjwa ulipomshinda, akafariki mwaka 2009. Katika picha zilizozunguka dunia anaonekana ameketi kwenye dawati dogo katikati ya watoto, amevaa sare kamili: sweta, soksi ndefu, shati na kaptura.